Kitabu Nilichokiitikia

Nimewahi kusimuliwa kitabu kizima na mwandishi wa Kihungari, mwanzo hadi mwisho, na sikuelewa hata neno moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakianza kunisikiliza husubiri mahali ambapo nitawaambia kwamba mwishowe nilielewa. Sikuelewa. Hadi leo sielewi, na sidhani kama yupo mtu wa kunisaidia.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Irving, kando ya Dallas, Texas, katika nyumba ya kutunzia wazee. Si hospitali wala jengo kubwa. Ni nyumba ya kawaida yenye gereji na nyasi mbele, ambayo nesi mmoja Mkenya na mumewe waliinunua, wakatia vyuma vya kushikilia bafuni, wakapata leseni, wakaweka mzee mmoja kila chumba. Nyumba za namna hiyo zimejaa huku Dallas, na nyingi ukibisha hodi utafunguliwa na mtu anayenukia vitunguu na sukuma wiki. Ndege zilikuwa zikishuka juu ya paa letu mchana kutwa kuelekea uwanjani. Wazee walishazizoea. Ni sisi wafanyakazi tuliokuwa tukinyamaza katikati ya sentensi kusubiri zipite.

Mimi nilikuwa nikitoka Mesquite, upande wa pili wa jiji, ambako kabla ya hapo nilipanga maboksi kwenye ghala mpaka mgongo ukanigomea. Kazi ya wazee niliipenda, ingawa wapo waliokuwa wakinitupia vijiko. Afadhali kijiko kuliko boksi.

Mzee aliletwa na binti yake wa pekee, mwanamke wa makamo anayefanya kazi kwenye hospitali moja kubwa ya Houston na kuishi Pearland, karibu na hapo. Alikuwa anatengeneza chumba cha chini nyumbani kwake ili amchukue babake, na mafundi walikuwa wanamzungusha, basi akatuomba tukae naye kwa muda. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mzee mguu mmoja unaoburuta, na kilikuwa kimemchukulia Kiingereza chake chote. Kiingereza hicho alikuwa amekizungumza kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kilichobaki ni Kihungari, na hicho kilibaki kizima.

"Wewe unamwelewa?" nilimuuliza binti.

"Hapana," akasema, akaangalia viatu vyake.

Siku hiyo alinieleza habari za babake tukiwa jikoni. Aliondoka Hungaria kijana, baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia mji mkuu, akavuka mpaka kwa miguu kupitia kwenye matope na majani marefu, na katika mfuko wa koti lake kulikuwa na kitunguu na nusu mkate. Huku Texas alipata kazi ya kuchora ramani za mabomba kwenye kampuni ya mafuta. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchora mabomba, alikuwa mwandishi. Aliandika riwaya kwa Kihungari, zikachapishwa na Wahungari wenzake waliotawanyika ugenini, zikasomwa na watu wachache waliokuwa wakipeana nakala mkono kwa mkono. Kwao zilipigwa marufuku. Mambo yalipobadilika kule, zikachapishwa upya, akaalikwa, akaenda mara moja na mkewe, akarudi akasema mji ni mzuri lakini haumjui. Mkewe alifariki kabla ya kiharusi hicho.

"Na vitabu vyenyewe vinasema nini?" nikauliza.

"Sijavisoma," akasema. "Kihungari nyumbani kwetu kilikuwa lugha ya kazi. Baba na mama wakiingia jikoni asubuhi na kufunga mlango, mimi nilijua ni lazima nikae kimya mpaka watoke. Wakitoka, wanazungumza Kiingereza."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nina binti ambaye namsemesha Kiswahili tangu azaliwe na ananijibu kwa Kiingereza, hata nikimwita ale.

Basi tukaanza maisha. Mzee alikuwa mtu wa mpango. Akishakunywa uji alitaka shati lenye kola, si fulana, na vifungo vyake vyote nimfunge mpaka cha shingoni. Alipenda mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu kibichi juu, jambo ambalo daktari alilikataza, kwa hiyo nikampakia siagi kidogo, nikanyunyiza pilipili nyekundu ya unga isiyowasha, na yeye akala huku ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu alisimama. Akatembea kutoka kitandani hadi dirishani, mguu ukiburuta, akasema maneno. Si mengi. Akanyamaza, akasubiri.

Nikasema, "Eeh."

Akageuka, akatembea tena, akasema mengine.

"Ehe," nikasema.

Sasa hapa lazima nieleze, maana baadaye niliulizwa sana kuhusu hii "eeh" na nikajikuta najitetea kama niliyekamatwa na kuku wa jirani. Kwetu mtu mzima akikusimulia jambo, hukai tu unamkodolea macho. Unamwitikia. "Eeh." "Ehe." "Mmh." "Kumbe." Unampa mahali pa kuweka mguu ili aendelee. Ukinyamaza anajua umelala au umemdharau. Nyanya yangu alikuwa akikatiza hadithi kuuliza kama anazungumza na maiti. Nimelelewa hivyo, na sikuona sababu ya kumnyima mzee wa watu heshima hiyo eti kwa sababu ni Mhungari.

Jambo la pili ni faili. Kila mzee alikuwa na faili lake, na mtunzaji huandika humo asubuhi: amekula kiasi gani, amekunywa dawa, ngozi ikoje, amepata choo au la. Mimi niliandika hayo nikiwa nimekaa kwenye meza ya dirishani, wakati yeye anatembea na kusema. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilikuwa naandika. Hilo sikulifikiria kabisa.

Yakawa ndiyo mazoea yetu. Alisema, nikaitikia, akaendelea. Ndege ikipita alisimama, na mimi nikasimamisha kalamu, tukatazamana, ikapita, tukaendelea. Nikichelewa kuitika kwa sababu natafuta jina la dawa, alisubiri akiinamisha kichwa, bila hasira. Mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, alikuwa akipita mlangoni na shuka zake anatusikiliza.

"Mama," aliniambia siku moja, "ile muzee anakuambiaka nini kila asubui?"

"Sijui."

"Na unaitika?"

"Sasa ninyamaze?"

Akatikisa kichwa. "Ata siye kwetu tunaitikaka. Lakini tunajua tunaitika nini."

Akatoa simu yake, akaiweka itafsiri. Mzee alisema, simu ikafikiri, ikatupa: farasi. Unga. Tena farasi. Tulicheka mpaka yule nesi mwenye nyumba akaja kutukumbusha kwamba simu ni marufuku kwenye vyumba vya wazee, na wakaguzi wa serikali hawapigi hodi wiki moja kabla. Mwenzangu akairudisha mfukoni. Nafikiria mara nyingi juu ya ile simu. Lakini siwezi kusema ningeidharau amri ya mwenye nyumba. Nilikuwa na kodi ya kulipa na kazi nyingine sikuwa nayo.

Mwenyewe nilidhani anakumbuka ujana wake. Wazee wengi hufanya hivyo. Wapo niliowasikia wakipigia wake zao waliokufa simu kwa kutumia rimoti ya televisheni. Nikamwona huyu ana bahati kwamba hadithi yake ni safi na ya kupendeza, haipigi kelele, na inaishia kabla ya chakula cha mchana. Binti alipokuja kumtazama, kwa kawaida ilikuwa jioni ya Jumamosi, baada ya safari ndefu kutoka Houston, na wakati huo mzee alikuwa ameshajikalia kimya na blanketi lake. Hakuwahi kutuona asubuhi.

Siku moja mzee alisema sentensi fupi, nikaitikia, naye hakugeuka. Alibaki dirishani. Halafu akaja mezani, akaketi mbele yangu, akaweka kiganja juu ya meza, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akauchukua mkono wangu, ule wenye kalamu, akauinamia akaubusu. Sijawahi kubusiwa mkono na mtu yeyote. Nilicheka kwa aibu, nikampigapiga begani, nikamwambia kwa Kiswahili, "Haya baba, asante na wewe." Nilifikiri ananishukuru kwa vifungo.

Kuanzia kesho yake hakutembea tena. Alikaa na shati lake lenye kola, ameridhika, akilitazama faili lililo kwapani mwangu kila nilipoingia. Nilimwambia mwenzangu mzee ametulia. Tukafurahi. Kisha mafundi wa Pearland wakamaliza kazi yao, binti akaja na gari kubwa, tukampakia mzee na masanduku yake, tukampungia mkono hadi akapotea kwenye kona. Chumba chake kikapata bibi mwingine ndani ya wiki hiyo hiyo.

Binti alinipigia nikiwa kwenye maegesho ya duka, Mesquite, nimeshika mfuko wa mchele.

"Samahani kukusumbua," alisema. "Baba anaulizia karatasi."

"Karatasi zipi?"

Akanieleza. Kanisani kwake kuna mama mmoja mzee Mhungari, mwalimu wa piano aliyestaafu, na alikuwa amemwomba aje amsalimie babake. Yule mama alikaa na mzee mchana mzima. Alipotoka alikuwa anatetemeka kwa furaha. Alisema mzee ameandika kitabu kipya. Alisema amekimaliza. Alisema kiko kwa yule mwanamke wa Irving, na mzee hawezi kuelewa kwa nini bado hajakileta.

Nikaweka mchele juu ya boneti.

"Hakuna kitabu," nikasema.

"Amesema alikusomea na wewe ukaandika. Kila sentensi."

"Mimi nilikuwa naandika amekula nini."

Nilisikia watu wakipita na vitoroli vyao pembeni yangu. Kisha akaniambia, taratibu, jinsi babake alivyokuwa akifanya kazi, mambo ambayo siku ile jikoni hakuona sababu ya kuyataja. Mzee hakuwahi kushika kalamu. Alikuwa akitembea na kusema sentensi kwa mdomo, na mkewe akaipiga kwenye taipureta. Mkewe akimaliza sentensi, anatoa sauti ndogo tu kooni, na mzee anajua imeshaingia, anaweza kuiacha aende kwenye inayofuata. Hakurudi nyuma kamwe. Hakuuliza jana tuliishia wapi. Hilo lilikuwa jukumu la mkewe. Wala hakusomewa chochote mpaka kitabu kizima kimekwisha. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akikaa naye na kumsomea chote, toka mwanzo, na yeye akakisikia kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine.

"Ile sauti mama aliyotoa, mimi nilikuwa naisikia mlangoni," alisema. "Ndicho Kihungari pekee ninachokijua."

Nikamwambia nitakuja.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Siku yangu ya mapumziko nilikaanga mandazi, maana sikuweza kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, nikashika ile barabara ndefu ya kwenda Houston. Njia nzima nilikuwa natafuta wa kumkasirikia. Nilijaribu kumkasirikia binti kwa kutojifunza lugha ya babake, nikamkumbuka wangu. Nilijaribu kumkasirikia mwenye nyumba na marufuku yake ya simu. Nilijaribu hata kumkasirikia mzee, kwamba hakuona kwamba mwanamke wa Kiafrika asiyejua kumwambia "maji" kwa Kihungari hawezi kuandika riwaya ya Kihungari. Lakini kiharusi kilikuwa kimemchanganya, na mimi ndiye niliyekaa mbele yake na kalamu, nikaitika kila sentensi kwa wakati wake. Hasira haikupata pa kukaa. Nilibaki na mandazi tu kwenye kiti cha pembeni.

Pearland ni nyumba nzuri nzuri zenye matofali mekundu na vidimbwi vya maji vya kuchimbwa. Mzee alikuwa ameketi karibu na mlango, shati lake limefungwa hadi shingoni. Aliponiona alijaribu kusimama, uso wake ukang'aa, akanitazama mikono. Akaona bakuli la mandazi. Akatazama nyuma yangu, kwenye gari.

Tulikaa, yeye, binti yake, yule mwalimu wa piano na mimi. Mwalimu alikuwa mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe, Kiingereza chake kizito. Nikamwomba amwambie mzee kwamba sikuandika. Kwamba sijui lugha yao. Kwamba kwetu mtu mzima akizungumza anaitikiwa, na kule kuitika kwangu kulikuwa ni adabu tu.

Alimwambia. Ilichukua muda, kwa sababu kila mara alisimama kunitazama kama vile anauliza kama kweli anapaswa kuendelea. Binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu.

"Anasema mbona kalamu ilikuwa inakwenda."

"Nilikuwa naandika habari za uji wake," nikasema. "Na dawa. Na choo."

Mwalimu alitafsiri sehemu yake tu, nadhani, maana ilikuwa fupi. Mzee akafumba macho. Binti akaanza kulia bila sauti. Mimi nilitamani kulia pia lakini niliona si haki yangu kulia katika nyumba ile, basi nikakaa na mikono yangu mapajani nikijiona mtu asiyeweza kumsaidia mtu yeyote, hata kwa kuondoka.

Mwalimu wa piano alijaribu. Alimwambia, na mimi akanitafsiria, kwamba yeye anajua kuandika, kwamba leo leo waanze upya, sentensi moja moja, na simu itawekwa mezani inase kila kitu. Mzee akatikisa kichwa. Akasema maneno machache, akafungua kiganja chake akatuonyesha kwamba hakina kitu.

"Anasema akishaitikiwa, anaiacha iende. Haimo tena."

Kisha mzee akafumbua macho, akaninyooshea kidole, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyegundua njia.

"Anasema," mwalimu alisita, "anasema basi wewe unacho. Wewe ndiye uliyekisikia chote. Hakuna mwingine. Anakuomba umsimulie."

Wote watatu walinigeukia. Binti mwenyewe aliacha kulia akanitazama, na katika macho yake niliona tumaini, na tumaini lile lilinitisha kuliko jambo lolote la siku ile.

Nilisema nilichokuwa nacho. Nilisema kwamba mwanzoni alikuwa anasema polepole, baadaye kwa kasi. Kwamba kulikuwa na mtu ndani ya kitabu mwenye sauti nyembamba, labda mtoto, labda mwanamke, kwa sababu alipofika kwake alibadilisha sauti. Kwamba kulikuwa na wiki aliyocheka peke yake mpaka akajishika ukutani. Kwamba kulikuwa na mahali palipokuwa pa baridi, kwani alijikunyata na joto la Texas lilikuwa nje ya dirisha. Na kwamba karibu na mwisho kuna mtu alikufa. Sina uhakika, nikasema, lakini asubuhi hiyo alivua miwani yake akaiweka mezani, akasema yote ya siku hiyo bila miwani, kwa sauti ya chini sana, na nilipomvalisha tena ilikuwa imelowa.

Mwalimu alitafsiri yote, neno kwa neno. Mzee aliegemea mbele. Alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, mdomo wazi kidogo, kama anavyosikiliza mtu anayesimuliwa habari za nyumbani kwao na mgeni aliyepita huko. Nilipofika kwenye miwani, aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza swali.

Mwalimu hakulitafsiri. Binti akamgusa mkono, akamwambia, "Amesema nini?"

"Anasema ni kweli, kuna aliyekufa," mwalimu alisema, akinitazama mimi. "Anauliza ni nani."